Vioo Vinne vya Mukankusi

Mheshimiwa mjumbe wa chifu wetu mdogo, sushefu, uliyeketi kiti cha mbele, Mwalimu Muhamadi, imamu wetu, Katekista Sebagabo, uliyetoka misani moja kwa moja pamoja na watu wa ziwani, wazee wa mtaa, akina mama, nanyi vijana mliosimama ukutani, ambao leo nawahitaji kuliko wote: nawasalimu kwa mpangilio huo kwa kuwa ndio mpangilio wa adabu, ingawa niliyokuja kuyasema hayachagui mwenye cheo na asiye nacho.

Mnanijua. Mimi ni Kadiri, mtengeneza fremu, msemaji wa baraza la wazee kwa mwaka wa sita sasa. Nilipelekwa Ujiji nikiwa mdogo, nikasomeshwa huko, nikarudi Gisenyi na Kiswahili ambacho baadhi yenu husema kimepigwa pasi. Mmeitwa leo, Jumapili tarehe mbili Juni, ili mjibu ombi la Nzabonimpa: kwamba Mukankusi, mwuza samaki, afukuzwe hata huko Mahoko alikolazwa, na kwamba asipofukuzwa, vijana waende wenyewe kummaliza.

Nilitakiwa kuandaa hotuba. Sikuandaa. Nimekuja na daftari langu la msimu huu wa mvua, nami nitalisoma kama lilivyo. Siku zisizo na neno mtazisikia kwa mstari mmoja. Naomba msinikatize mpaka nifunge jalada. Nikilifunga, mnayo haki ya kunitendea mtakavyoona.

Jumanne, 5 Machi 1957

Mvua kubwa ya kwanza. Mbao zimelowa.

Ijumaa, 8 Machi

Amekuja karakanani Mukankusi, yule mjane wa ziwani ambaye nyumba yake mpya imesimama mpakani, kati ya mtaa wetu na ufuko. Matofali ya kuchoma, bati, na sebule yenye dirisha linalotazama maji. Miaka yote aliyobeba kikapu kichwani sasa imegeuka kuta. Anataka vioo vya kupamba sebule, lakini si vile vya dukani. Anataka vya zamani.

Nilimwuliza kwa nini atafute vikuukuu wakati vipya vinang'aa. Alicheka akaketi juu ya rundo la mbao zangu bila kukaribishwa.

"Vipya vinadanganya mutu, vinamufanya muzuri bure," alisema. "Mi nataka kioo kimeona watu, Kadiri. Kioo kizee kama mi."

Jumamosi, 9 Machi

Mvua. Nimemaliza jeneza la mtu wa Kanzenze.

Jumanne, 12 Machi

Nimekwenda na Mukankusi kwenye nyumba ya bibi mmoja Mbelgiji, mjane wa mkulima wa kahawa, kule kwenye barabara ya ufukoni. Anarudi kwao, na vyombo vyake vinauzwa. Vioo tulivikuta vimeegemezwa ukutani, kumi na kimoja, vumbi tupu.

Nilimfundisha mama huyu ninayoyajua. Kwanza weka ncha ya penseli juu ya kioo: nafasi kati ya ncha na taswira yake ndiyo unene wa kioo, na cha kale huwa kinene. Halafu kitazame kwa ubavu, kama mtu anayemtilia mtu shaka. Kioo kilichotengenezwa zamani kina wimbi dogo, uso ukipita huogelea. Pitisha kidole ukingoni. Ukingo uliochongwa kwa mkono hautoshani pande zote. Kisha kigeuze. Mgongoni mwa kioo ndiko kwenye ukweli: ubao umekuwa wa kahawia, misumari imefuliwa na mhunzi, na harufu ni ya kabati iliyofungwa miaka mingi. Rangi ya dhahabu iliyopakwa jana hunuka mafuta. Na yale madoa meusi kwenye fedha iliyopakwa nyuma, yaliyotawanyika kama majani ya chai, hayo si kasoro ya kumficha mnunuzi. Hayo ndiyo umri. Anayeyafuta na kupaka fedha mpya ameua kioo akabakiza glasi.

Nilifurahia kusikilizwa. Naandika hili kwa sababu ni kweli: nilifurahia sana kusikilizwa.

Tukachagua vinne. Kipana chenye fremu ya dhahabu. Chembamba, cha ushoroba. Kidogo cha mviringo kilichotuna kama jicho la samaki, ambacho huonyesha chumba kizima kikiwa kimejikunja. Cha nne, kirefu kuliko mtu, kilikuwa na madoa mengi hata nikamshauri akiache. Alisimama mbele yake kwa muda mrefu.

"Hiki hakinisifu," alisema. "Nakitaka."

Jumamosi, 16 Machi

Tumevitundika. Kipana nimekiweka kinyume cha dirisha, basi ziwa limeingia ndani na sebule imekuwa na madirisha mawili. Chembamba kimeupa ushoroba upana usio nao. Cha mviringo kiko juu ya kabati ya vyombo. Kile kirefu nilitaka kiende chumbani, yeye akakataa: kikae karibu na mlango, mgeni akiingia akutane na nafsi yake kwanza kabla hajaanza kuomba.

Nzabonimpa, jirani yake wa ua kwa ua, na mdogo wake Harerimana ndio waliokibeba kile kirefu. Nzabonimpa ni mtu wa masihara. Alipoona nyuso nyingi za Mukankusi ukutani alimwambia, sasa uko watano ndani ya nyumba, mama, nani atawapikia wote? Harerimana alibaki nyuma kuchana nywele mbele ya kioo mpaka kaka yake akamwita mara tatu. Anataka kuoa mwezi wa saba.

Mukankusi ameshona vifuniko vinne vya kitenge cha bluu, kila kimoja na kamba zake za kufungia. Ndivyo tufanyavyo hapa sote, Mwislamu na Mkristo: wingu likisimama juu ya mlima, kioo hufunikwa, maana husemwa kwamba kioo kitupu huita radi. Mama yangu alifunika, Saidati mke wangu hufunika. Mwalimu Muhamadi hutufundisha kwamba jambo hilo halimo katika dini, na mkewe hufunika.

Jumatatu, 18 Machi

Mtaa mzima umepita kwa Mukankusi kujitazama.

Alhamisi, 28 Machi

Radi imeua ng'ombe wawili Busasamana. Ng'ombe tu, alhamdulillahi.

Jumanne, 2 Aprili

Mwezi umeonekana jana. Tumeanza saumu.

Jumamosi, 6 Aprili

Mvua siku ya nne mfululizo. Kwenye bomba la maji, Saidati anasema, maneno yameanza: mwanamke asiye na mume, nyumba yenye macho manne, samaki wake wanaisha kabla ya wa wenzake. Nilimwambia maneno ya bombani hukauka pamoja na ndoo. Alinitazama akasema ndoo za mwezi huu hazikauki.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua. Mukankusi ameniachia ufunguo ili nimalizie kupaka fremu ya kile kirefu. Saidati hapendi niwe na ufunguo wa nyumba ya mjane. Nami sipendi kushauriwa.

Jumamosi, 13 Aprili

Siwezi.

Jumapili, 14 Aprili

Nimefunga mlango wa karakana. Nitaandika yote kwa taratibu, kwa kuwa mkono ukipangika huenda moyo ukafuata.

Jana asubuhi Mukankusi aliondoka kwa lori la dereva Sibomana kwenda soko la Mahoko. Kabla ya kutoka alifunika vioo vyote vinne, kama afanyavyo kila siku ya msimu huu. Nilipoingia na rangi yangu niliviona vimefunikwa. Naandika tena: niliviona vimefunikwa.

Saa saba mchana akaja karakanani Mgiriki mmoja mwenye hoteli upande wa Goma. Ameambiwa kwamba nina jicho la vioo vya kale. Nikamwongoza mpaka nyumbani kwa Mukankusi, bila idhini ya mwenye nyumba, nikafungua mafundo ya kamba moja baada ya jingine, nikavitupa vitambaa begani, nikaanza kueleza. Penseli, wimbi, ukingo, mgongo wa kioo. Nilieleza vizuri. Nilipomaliza, wingu lilikuwa limekwisha kushuka mlimani, jeusi kama masizi ya chungu. Mgiriki alikimbilia gari lake. Mimi nikakumbuka mbao nilizozianika uani. Nikafunga mlango kwa ufunguo, nikakimbia.

Vitambaa vyote vinne vilikuwa bado begani mwangu.

Radi ilipiga saa nane. Haikunguruma kwanza, ilipasuka tu, na ardhi ikaruka chini ya miguu. Nilipofika kwa Nzabonimpa, mkaratusi wake mkubwa wa mpakani ulikuwa umechanwa kutoka juu hadi chini na unatoa moshi kwenye mvua. Harerimana alikuwa amejikinga chini yake. Viatu vilikuwa vimemtoka miguuni vyenyewe, vimesimama pembeni kama vya mtu aliyeingia msikitini. Shati lilikuwa limepasuka mgongoni, na ngozi chini yake ilikuwa imechorwa matawi mekundu. Nzabonimpa alimpakata, anampiga makofi mashavuni, anamwambia aamke waende wakakate kuni.

Kisha mtu akachungulia dirishani kwa Mukankusi. Sijui alikuwa nani. Sauti ilitoka tu.

"Vioo iko wazi. Vyote iko wazi."

Niliona neno hilo likipita kwa watu kama moto kwenye nyasi kavu, ingawa tulikuwa tumelowa mpaka mifupani. Aliyekuwa na mpini akaushika vizuri. Aliyekuwa hana kitu akainama kutafuta. Wengi wetu tulikuwa na saumu. Tulikuwa tumefunga vinywa, mikono hatukuifunga.

Lori la Sibomana likafika wakati huo huo. Mukankusi alishuka nyuma, kikapu kitupu kichwani, akacheka na mtu aliyebaki juu. Alipotuona alidhani tumekusanyika kwa msiba, akajifunga kitenge chake kiunoni kama mwanamke anayekuja kusaidia. Nzabonimpa akamwuliza kwa sauti ndogo kabisa kwa nini ameviacha vioo wazi. Alijibu kwamba hakuviacha. Akaulizwa tena, na safari hii walikuwa wengi waliouliza. Ndipo alipozungusha macho akaniona.

"Mi nilifunika. Vyote vine," alisema. "Kadiri, we ulikuwa na ufunguo. Sema."

Watu wakageuka kunitazama. Wakasema ndiyo, msemaji aseme.

Nami nikasema. Ee Mola wangu, nilisema. Nilisimama juu ya kisiki kilichokuwa kando ya njia nikawaambia kwamba msiba ni mzito, kwamba mtaa wetu ni wa watu wenye adabu, kwamba kila tendo lina mwenyewe na mwenyewe hujulikana kwa wakati wake, kwamba tuwaachie wazee wapime. Sentensi zilikuwa zimenyooka. Hapakuwa na neno lililomtuhumu na hapakuwa na neno lililomwokoa. Nilisema kwa muda wa kutosha mtu kuteka ndoo mbili, na jambo moja lililokuwa likingojewa sikulisema. Mukankusi alinisikiliza mpaka mwisho. Niliona uso wake ukifahamu.

Jiwe la kwanza lilimpata begani. La pili likampata mdomoni. Mwanamke ambaye nimemwona akimwamkia Mukankusi kila asubuhi alikuja na mchi wa kutwangia akampiga nyongani, na mfupa nikausikia: ulilia kama ubao mbichi unapopasuka, sauti ninayoijua kwa kazi yangu. Alianguka, nao wakamburuta kwa mkono mmoja hadi mlangoni pake ili aone. Mlango ulivunjwa kwa shoka. Kipana kilitupwa chini pamoja na ziwa lote. Chembamba kilivunjwa kwa goti. Kile kirefu hakikuvunjika kwa pigo la kwanza wala la pili. Kioo cha kale ni kinene, mimi ndiye niliyemwambia hivyo nikijivuna. Kwa pigo la tatu kilimwagika juu ya miguu yake. Nzabonimpa alitoka ndani na kile cha mviringo, amekishika kwa mikono miwili kama sahani ya chakula. Akapiga magoti. Kwa sekunde moja nilifikiri analia. Akampiga nacho usoni, kikavunjika, akampiga tena na kilichobaki.

Jicho la kushoto limekwenda.

Kisha waliacha, maana walichoka. Na sasa naandika lililo baya kuliko mawe. Machela yetu, ile ingobyi ya mtaa, hutundikwa chini ya paa la baraza. Imembeba kila mgonjwa wetu tangu nizaliwe, awe wa msikiti au wa kanisa, kwa mabega ya zamu. Aliyelala humo ni mtu wetu. Anayenyimwa, tumemtoa katika hesabu ya watu. Saidati alikwenda kuiomba. Wanaume wanne wa zamu walikuwa wameketi barazani, wanaosha mikono. Hakuna aliyeinuka. Mimi nilikuwa hatua kumi kutoka hapo, nami sikuinuka.

Saidati na wanawake wawili wauza samaki walimbeba kwa nguo zao wakamlaza kwenye lori kati ya vikapu. Njia ya hospitali ilikuwa imejaa watu, basi Sibomana akageuza, akampeleka Mahoko kwa dada yake Mukankusi.

Nilipofika nyumbani, vitambaa vinne vya bluu vilikuwa juu ya benchi langu, vimelowa.

Jumatatu, 15 Aprili

Tumemzika Harerimana. Jeneza nililitengeneza mimi. Nzabonimpa alinishukuru kwa maneno yangu ya Jumamosi. Alisema yalimpa nguvu.

Jumanne, 16 Aprili

Saidati amefua vile vitambaa, akavianika, akavikunja, akaviweka juu ya daftari hili.

Jumapili, 21 Aprili

Pasaka ya Wakristo. Nasikia Katekista Sebagabo alitaja kanisani jina la Mukankusi katika maombi ya wagonjwa, na nusu ya watu hawakuitikia.

Jumatano, 24 Aprili

Watoto wanachezea vipande vya vioo, wanamulikiana machoni. Hakuna anayewakataza.

Jumatatu, 29 Aprili

Radi imepiga tena kwa Nzabonimpa. Kisiki kilichobaki cha mkaratusi ule ule. Mbuzi wawili wamekufa. Katika mtaa mzima hakuna kioo kilichobaki ukutani; tangu siku ile watu wameviteremsha vyote, wamevifukia hata vile vidogo vya kunyolea. Nilitembea kutoka nyumba hadi nyumba nikingoja mtu mmoja aseme linalofuata. Nilidhani hakuna awezaye kulikwepa.

Wamelikwepa. Wanasema anairusha kutoka Mahoko.

Alhamisi, 2 Mei

Idi. Nilivaa kanzu yangu nyeupe nikaomba nikasalimiana na watu. Niliporudi, Saidati alikuwa amepika kama desturi, amenitengea peke yangu.

"Kila mutu amefungua, baba Asha," alisema. "We tu ungali umefunga kinywa."

Nilimwambia nikisema watanifanya walivyomfanya. Akasema anajua. Akaniwekea nyama.

Jumanne, 7 Mei

Nimekuwa nikimchukia Nzabonimpa kwa kuwa ni rahisi. Leo nilimkuta ameketi juu ya kisiki, viatu vya Harerimana mapajani, anavipaka rangi. Aliniuliza kama najua rangi ya kudumu. Nilikaa naye. Masihara yote yamemtoka. Mtu huyu aliua nusu ya mwanamke akiamini analipa deni la damu, na anayeweza kumwambia kwamba hakulipa chochote ni mimi. Kila siku ninayonyamaza namwacha amwue upya. Basi nani kati yetu ameshika kioo?

Jumatano, 15 Mei

Nimekwenda Mahoko kwa miguu. Mukankusi amelala kwenye chumba cha nyuma kwa dada yake. Muuguzi wa misheni humjia mara mbili kwa juma. Nyonga haitaunga sawasawa. Hatatembea tena bila mkongojo, na bado hajaweza kuketi. Jicho limefunikwa kwa kitambaa cheupe. Nilipiga magoti nikamweleza yote: Mgiriki, mafundo, bega langu, mbao zangu. Alisikiliza kama alivyonisikiliza siku ile.

Alisema alijua. Alijua tangu niliposimama kwenye kisiki, kwa sababu mtu asiye na hatia huongea vibaya. Nikamwuliza nifanye nini. Nilimwambia Sibomana yuko tayari kumrudisha na lori, kimya kimya, na mimi nitatengeneza mlango mpya.

"Mi sirudi na lori kama gunia," alisema. "Nitarudi na ingobyi. Iko mabega walininyima. Hayo ndiyo nataka."

Kisha akageuzia uso ukutani na dada yake akanionyesha njia.

Ijumaa, 24 Mei

Nzabonimpa ameleta ombi lake barazani. Vijana kumi na saba wamesimama nyuma yake. Nimeona panga zilizonolewa upya, ingawa mahindi hayajakomaa. Wazee wameniambia nitayarishe hotuba ya kuwatuliza. Nimesema nitatayarisha.

Jumapili, 26 Mei

Mvua imepungua.

Ijumaa, 31 Mei

Baada ya sala nimewasomea wazee daftari hili, Mwalimu Muhamadi na Katekista Sebagabo wakiwapo. Mzee mmoja akauliza tu kama machela bado ni nzima au imeliwa na panya.

Ni nzima. Nimeikagua.

Nimefunga jalada.

Nawaona wengine mmeinuka. Nzabonimpa, ndugu yangu, nakuona wewe zaidi ya wote. Naomba wote mbaki mlivyo kwa muda mfupi uliobaki, kwa maana bado sijatangaza lililonileta.

Vitambaa ni hivi hapa. Bluu, vinne, kamba zake zingalipo. Mwanamke yule aliwaambia ukweli, na mwenye ukweli wa pili alikuwa juu ya kisiki akiwapambia maneno. Sasa pimeni. Ikiwa kioo huita radi, basi aliyeiita ni mimi, si yeye. Ikiwa kioo hakiiti radi, na kisiki kilichopigwa tarehe ishirini na tisa Aprili ndicho shahidi, basi tulimvunja mwanamke bure. Njia ya tatu haipo. Mimi nimeitafuta majuma saba.

Uamuzi wa baraza la wazee ni huu, nao si wa kujadiliwa bali wa kutendwa. Ombi la Nzabonimpa limekataliwa. Mukankusi ni mtu wa mtaa huu, na leo hii atarudishwa kwa machela, kwa miguu, kutoka Mahoko mpaka mlangoni pake, mchana kweupe, kupitia barabara kuu. Kila nyumba itatoa mwanamume mmoja wa zamu. Nyumba isiyotoa bega, machela hii haitambeba mgonjwa wake wala maiti yake, iwe ya msikiti au ya kanisa. Mwalimu na Katekista wametia sahihi pamoja. Panga zilizonolewa zitumike kusafisha njia ya kuingilia nyumba yake, ambayo imeota magugu. Mimi, akishafika, nitajikabidhi kwa mheshimiwa mjumbe wa sushefu nikajibu kwa niliyoyatenda, na kuanzia saa hii sina usemaji wa baraza.

Geukeni mtazame nyuma yenu. Machela imekwisha kuteremshwa. Miti ni miwili, ncha ni nne, na kwenye kila ncha nitafunga kitambaa kimoja, pale bega linapokaa. Bega la kwanza ni langu. La pili ni la Katekista Sebagabo, ambaye ameliomba. La tatu ni la Sibomana, aliyembeba siku ambayo hakuna mwanamume mwingine aliyembeba.

La nne, Nzabonimpa, hatujampa mtu. Hatutaondoka bila wewe, wala hatutakuita mara mbili. Tumesimama.